Akinyamaza Ndiyo Uniite

Mama Zaina wangu,

Sikuulizi hali. Huko uliko hakuna malaria wala milio ya bunduki, na kama ipo, basi tumedanganywa sote. Mimi nipo. Nimekaa garajini, juu ya kiti nilichokitoa kwenye gari la mtu asubuhi, karatasi nimeiweka gotini. Anayepita anadhani naandika vipuri vya kununua. Wangejua ninamwandikia nani wangeniombea dua. Nawe najua unacheka, maana mimi na kalamu tulikosana tangu shuleni.

Nina habari. Ni habari ya Zaina wetu, ya leo asubuhi tu, na ni ndogo kiasi kwamba nikimsimulia mtu yeyote hapa Buyenzi atasema Baba Zaina kichwa kimekorogeka. Kuna mtu mmoja tu angeielewa papo hapo bila kuniuliza, naye ndiye wewe. Kwa hiyo utanisikiliza, utake usitake. Lakini siwezi kuanza na ya leo. Mengi yametokea haupo, lazima kwanza nikuvushe kote huko.

Unakumbuka Zaina alivyokuwa? Nakuuliza nini, wewe ndiye uliyemfanya vile. Kwenye ile nyumba yetu ya Kanyosha majirani walijua saa kwa kelele zake. Kelele ya kwanza, anaoshwa uso. Ya pili, uji. Ya tatu, kuchanwa nywele, na hiyo nadhani mpaka mtaa wa Musaga waliisikia. Mama yangu alipokuja kututembelea alikuwa anashika kichwa. "Nyinyi munalea mutoto ao munalea redio?" Nawe hukukasirika hata siku moja. Ulikuwa unacheka tu, unamwekea chai, unasema, "Bibi, hii redio ikizimika ndiyo tutaanza kuogopa."

Na jioni zile, milio inapoanza kule juu milimani! Tunakimbilia ule ujia mwembamba wa katikati ya nyumba, mbali na madirisha, tunalala chini. Nyumba nyingine wazazi walikuwa wanawaziba watoto midomo kwa mikono. Wewe ulimlaza Zaina juu ya tumbo lako, ukamuuliza, "Moyo wako unafanya nini?"

"Unaruka."

"Na wangu?"

Anakuwekea sikio kifuani. "Na wako unaruka."

"Na wa papa?"

Basi nami nasogezwa, mwanaume mzima, fundi wa watu, mtoto ananiwekea sikio halafu anatangaza, "Wa papa ndiyo unaruka sana!" Mnacheka nyinyi wawili, mnanicheka mimi, risasi zinapita huko juu. Wallahi nilikuwa naona aibu. Leo ningetoa garaji hili lote na vyuma vyake nichekwe vile mara moja tena.

Kuna siku nilirudi kazini nimechoka, na Zaina analia kwa sababu kandambili yake imekatika. Analia, analia, mpaka nikamfokea kwa ile sauti yangu ya garajini, "Nyamaza!" Ukatoka jikoni na mwiko mkononi. Nilidhani unanipiga. "We Baba Zaina, mwache alie. Akilia mi najua iko muzima. Akinyamaza ndiyo uniite." Ukarudi kwenye sufuria yako ya isombe. Neno lile liliniingia, na limekaa.

Sasa ile asubuhi ya mwisho. Sitaki kuirudia yote, wewe unaijua. Nataka jambo moja tu ndani yake. Zaina alikataa uji. Ulimbembeleza, akakataa. Ukamwekea sukari ya mwishomwisho iliyokuwepo, akausukuma, ukamwagika juu ya kitenge chako, kile cha bluu chenye samaki. Ukajifunga kingine, ukachukua kikapu, ukasema ulivyozoea kusema: "Haya! Mi naenda zangu Uvira, nakuacha na papa yako. Mutabaki kusumbuana nyinyi kwa nyinyi."

Ulikuwa unatuambia hivyo kila siku. Nikisahau chumvi, unaenda Uvira. Nikichelewa kurudi, unaenda Uvira, ng'ambo ya mpaka, kwa shangazi yako, atakupikia ndagala wa ziwani na kukuita binti yangu. Mimi nilikuwa najibu, "Nisalimie watu wa huko." Hata asubuhi ile nilijibu hivyo, mswaki mdomoni. Hukuwa unaenda Uvira. Ulikuwa unaenda kwenye kile kipande chako cha shamba, kuchuma mboga zako za lengalenga. Risasi ya kutoka mlimani haikuwa na jina la mtu, ikakupata wewe. Majirani wakakuleta wamekulaza juu ya mlango uliong'olewa, na mimi nikaja kuitwa hapa hapa garajini.

Unajua sisi tunavyofanya msiba ukiingia. Kabla hata mkeka haujatandikwa, watoto wanaondolewa. Mama yangu alimkamata Zaina mkono, akampeleka Mutanga Nord kwa dada yangu, mtoto akacheza huko na binamu zake, akala wali. Aliporudi, ulikuwa umeshazikwa na mabenchi yamerudishwa msikitini. Akauliza, "Mama iko wapi?" Nikafungua mdomo. Mama yangu akaniwahi.

"Mama yako ameenda Uvira."

Yaani angesema Kigoma. Angesema Bukavu, angesema Makka! Hakuna njama yoyote, masikini, alisema Uvira kwa sababu Uvira ni hapo ng'ambo tu, ndiko kila mtu anakokwenda. Watu wote waliokuwa pale wakaitikia kwa vichwa. Hata mimi nilipofiwa na baba nikiwa mdogo niliambiwa amesafiri, nikaja kuambiwa ukweli na mtoto mwenzangu tukigombania gololi. Ndivyo tunavyowapenda watoto wetu, Mama Zaina. Tunawaacha nje ya mlango.

Tukahamia hapa Buyenzi kwa mama yangu, maana ile nyumba ya Kanyosha sikuweza kulala ndani yake. Na Zaina akawa mtoto mzuri.

Nisikilize vizuri hapo. Akawa mzuri kabisa. Uji anakunywa mpaka mwisho, kisha anakigeuza kikombe tuone hakuna kilichobaki. Anajiosha uso mwenyewe. Anakunja nguo zake, anakunja na zangu. Wageni wakija anashika mikono ya wote, anainama, anakwenda kukaa pembeni. Milio ikianza analala chini, mikono juu ya mdomo, hasemi neno. Nilimuuliza siku moja, "Zaina, moyo wako unafanya nini?" Akanijibu, "Hakuna kitu, papa." Nikageuka nikaangalia ukuta.

Watu wakaanza kunipongeza. Dada yangu alikuja akasema, "Kaka, una bahati. Wangu wananipasua kichwa kutwa nzima." Mama yangu akasema, "Amekuwa mutu mukubwa. Umeona? Mi nilisema alikuwa anadekezwa." Mpaka jirani wa ukuta wa pili, ambaye hasifu kitu chochote tangu nimjue, alisema mtoto huyu ametulia kweli. Na mimi kila waliponisifia nilizidi kuogopa. Nilianza kufanya vituko. Nilimfichia kandambili ili akasirike. Alizitafuta, hakuziona, akatoka peku. Nilimchukulia andazi lake mkononi nikala mbele ya macho yake. Akasema, "Asante, papa." Asante ya nini? Nilikaribia kulia hapo barabarani na andazi mdomoni.

Uliniambia akinyamaza nikuite. Haya, amenyamaza. Nikuite nikiwa nimesimama wapi? Nilikuwa nazunguka ile nyumba ya mama yangu kama mtu aliyepoteza ufunguo. Watu wamejaa ndani, wapangaji, binamu, kuku, na hakuna hata mmoja wa kumwambia, "Hebu mwangalie Zaina, huoni kama kuna kitu?" Wangesema sina shukrani. Milango tunaifunga mapema siku hizi, unajua ile amri ya kutotembea jioni, na mtu akifungiwa ndani na watu wengi hivyo ndipo anajua alivyo peke yake. Nilikuwa na wewe tu wa kuzungumza naye kuhusu mtoto. Sikuwahi kulijua hilo wakati upo, nilidhani tunagombana tu juu ya chumvi.

Ikakaribia hitma yako ya mwaka. Mama yangu akapanga kila kitu, mchele, walimu wa kusoma, mikeka ya kuazima. Kisha akasema, akiwa anapepeta mchele, wala hakuniangalia, "Zaina ataenda Mutanga siku hiyo."

Nikasema, "Apana."

"Apana nini? Asikie watu wanamusomea mama yake Yasin?"

"Mama, mpaka lini?"

"Mpaka akue."

"Atakua huku anamngoja nani?"

Akaweka ungo chini. "We unataka kumuvunja mutoto? Tazama alivyo mutulivu. Unataka kumuvunja?" Nikamjibu vibaya. Sitaandika nilichosema, ni mama yangu. Nikaondoka nikaja hapa garajini nikafungua injini ambayo haikuwa na tatizo.

Ijumaa iliyofuata, baada ya sala, nikaamua nimchane Zaina nywele. Bibi yake alikuwa sokoni. Mimi na kichanuo, Mama Zaina! Mikono hii imezoea nati. Nikamkalisha kati ya magoti yangu pale uani, nikampaka mafuta, nikaanza. Najua nilikuwa namvuta, maana zilikuwa zimejisokota. Alikaa kimya. Wewe ulikuwa ukimgusa tu na kichanuo anakimbia mpaka njiani. Nikaona tone limeanguka juu ya mkono wangu. Nikaona la pili. Nikainama nimtazame usoni, machozi yanashuka tu, mdomo ameubana.

"Zaina, inauma?"

"Apana, papa. Haiumi."

"Mbona unalia?"

"Mi silii."

Nikaweka kichanuo chini. Kuku walikuwa wanaparua pale chini ya bomba. Halafu akasema, bila kugeuka, kwa sauti ya mtu anayeomba kitu dukani, "Papa, ukienda Uvira, umwambie mama nimeacha kusumbua. Uji nakunywa wote. Mwambie sasa anaweza kurudi."

Loo, Mama Zaina.

Ndipo nikaiona asubuhi ile yote, uji juu ya kitenge cha samaki, na wewe mlangoni na kikapu. Ulisema unaenda Uvira kwa sababu anakusumbua, na jioni yake watu wazima wote wakamthibitishia kwamba kweli, umeenda Uvira. Mwaka mzima mtoto yule alikuwa anakunywa uji ili urudi. Tulikuwa tunampongeza kwa hilo.

Sikulaumu. Usidhani nimeandika hivi kukulaumu, nitakasirika. Hakuna mama hapa mjini asiyesema hivyo, na baba pia. Ungerudi mchana ule na lengalenga zako, angekurukia shingoni, ingekuwa imekwisha.

Nikamgeuza anitazame. Nilitaka kungoja mama yangu arudi, nilitaka kumwita mwalimu, nilitaka kumwita mtu yeyote anayejua kusema. Hakukuwa na mtu. Nikapiga moyo konde, nikamwambia, "Zaina, mama yako hakwenda Uvira. Mama yako alikufa."

Akaokota kichanuo, akakishika.

"Alikuwa shambani. Watu walikuwa wanapigana kule mlimani, risasi ikampata. Moyo wake ukaacha kuruka. Si kwa ajili ya uji. Yale maneno ya Uvira hata mimi alikuwa ananiambia, nikisahau chumvi. Alikuwa anatutania. Alikuwa anarudi nyumbani kwako."

Akaniuliza, "Kwa hiyo nikinywa uji harudi?"

"Harudi."

"Hata nikinywa wote?"

"Hata ukinywa wote, mama."

Akanisogelea akaniwekea sikio kifuani. Akasikiliza. Akasema, "Wako unaruka." Halafu akalia. Hapo, mke wangu, nilimsikia Zaina wetu! Alilia ile kelele ya tatu, ile ya Musaga. Alijitupa chini, akanipiga mateke, akaning'ata hapa kwenye kiganja, alama ninayo. Wapangaji wakatoka. Mama yangu akaingia kutoka sokoni mbio, vitunguu vinamwanguka, "Umemufanya nini mutoto? Umemufanya nini?"

Nikasema, "Mwache alie."

Nilisema kwa sauti yako. Sijui ilitokea wapi. Mama yangu akasimama, akamtazama yeye, akanitazama mimi, akaelewa. Hakunisemesha siku kadhaa baada ya hapo. Alikuwa ananiwekea chakula na kugeuka. Lakini siku ya hitma, nikiwa najiandaa kugombana tena, nikamkuta amemkalisha Zaina mapajani anamfunga kitambaa kichwani, kidogo, amekikata kutoka kwenye kitenge chako cha bluu. Kumbe alikuwa amekifua na kukificha. Akamkalisha mkekani ubavuni mwake, kati ya wanawake, na Mutanga hakuna aliyeitaja.

Mwalimu alipotaja jina lako kwenye dua, Zaina akauliza kwa sauti, watu wote wanasikia, "Anamsema mama?" Bibi yake akamjibu, naye kwa sauti, "Ndiyo. Anamsema mama yako." Mwalimu akangoja. Sijawahi kuona mwalimu akingoja mtu kwenye dua. Kisha akaendelea.

Usifikiri mambo yakawa sawa tangu hapo. Alikuwa analia ovyo, sokoni, msalani. Aliniuliza mambo mengi, kama huko chini kuna baridi, kama na mimi nikitoka asubuhi nitarudi. Hilo la kurudi sikumwapia, na mji huu unaujua. Nilimwambia nitafanya haraka. Lakini uji aliendelea kuunywa wote, na kikombe aliendelea kukigeuza. Hicho kikombe kilikuwa kinaninyima raha. Nilijiambia labda imekuwa tabia, labda umri, labda ndivyo atakavyokuwa sasa, msichana mzuri wa watu asiyemsumbua mtu, mpaka anaolewa.

Sasa habari yenyewe.

Leo asubuhi tumekaa, Bibi, Zaina na mimi. Uji umeletwa. Zaina akautazama. Akaonja. Akakisukuma kikombe, uji ukamwagika juu ya mkeka mpya wa mama yangu, ule wa kutoka Kigoma, akapiga kelele, "Sitaki! Uji wa Bibi una mabonge!"

Mama yangu akafungua mdomo. Unamjua. Nikaona maneno yanakuja, "We mutoto, ukinisumbua hivi mi nita..." Na hapo hapo akakwama. Akaufunga mdomo. Akachukua kitambaa, akaanza kupangusa, akasema taratibu tu, "Basi kesho nitaukoroga vizuri." Na Zaina akasema, "Na sukari!" Mama yangu akasema, "Na sukari, Mungu wangu, na sukari."

Nikatoka nje nikacheka mpaka nikashika ukuta. Nilikuwa nalia pia, nisikufiche. Mabonge! Na kweli una mabonge, nimeunywa mwaka mzima naogopa kusema. Nikageuka haraka nikarudi mpaka mlangoni, jina lako liko mdomoni tayari, nataka kukuita uje uone, redio imewaka. Mguu mmoja ndani, mmoja nje. Mama yangu akainua macho akaniuliza, "Unamutafuta nani?" Nikasema simtafuti mtu.

Mwenye gari amekuja, anauliza kwa nini kiti chake kimekaa nje. Lazima niache. Pumzika huko, usituhangaikie, uji tutaukoroga.

Uliniambia akinyamaza nikuite. Alinyamaza, nikakuita mwaka mzima. Leo amepiga kelele, na bado nimekuita.

Mimi niliyeachwa na kelele zake,
Baba Zaina